Petroli ya Bibi Harusi

Jumapili, 2 Juni

Na isitoshe, kitu kizuri hakihitaji kuwa kingi. Ndivyo nilivyomwambia Baba mkwe mezani leo, mbele ya watu wote. Mtu akila chakula kizuri hushiba upesi. Gari nalo ni hivyo hivyo. Ukilinywesha petroli ya kawaida litakunywa, litaomba tena, litakunywa. Ukilinywesha ile ya daraja la juu litaonja tu, kisha litakwenda mbali. Nilisema taratibu, bila haraka. Mume wangu alinitazama kama vile nimesoma taarifa ya habari.

Mume wangu. Wiki tano na siku mbili sasa, na bado nikifika kwenye neno hilo kalamu inateleza yenyewe.

Mambo yenyewe ni haya. Baba mkwe amepasuliwa jicho na daktari amemkataza kuendesha. Gari lake la rangi ya maziwa litakwenda kwa mtoto mmoja kati ya wawili: mume wangu, au dada yake, yaani wifi yangu, muuguzi wa zahanati. Gari linaitwa Tulia. Jina hilo alilitoa Baba mkwe mwenyewe, kwa sababu kwenye kila mlima alikuwa akilibembeleza, tulia, tulia, hadi wanafika juu. Miaka kumi na tisa wamekuwa pamoja. Hataki kulitoa kwa mtu wa kulichosha. Mwezi uliopita wifi aliliazima, akaenda nalo kilomita kumi na mbili kwa kila lita, tena kwa petroli ya kawaida. Baba mkwe huitaja ile kumi na mbili kama anataja mjukuu.

Ndipo nikasema sisi tutapata kumi na nne.

Sijui namba ilitoka wapi. Ilitoka moyoni.

Wifi akaweka kijiko chini, akaniuliza, bibi harusi, wewe umewahi kutia mafuta hata kwenye kiberiti? Akasema petroli ni petroli, tofauti ni rangi ya bomba na unene wa bei. Mama mkwe akataka kujua kama hilo gari linakunywa au linanusa. Mimi nikatabasamu kama mtu mwenye siri. Baba mkwe akafuta mdomo, akatoa hukumu. Tukae na Tulia wiki mbili. Wiki ya kwanza petroli ya kawaida, ya pili ile ya daraja la juu, njia ile ile, mtu yule yule kwenye usukani. Tukifika kumi na nne gari ni letu. Tusipofika ni la wifi. Alisema maneno ameyasikia ya kutosha maishani, tumletee namba.

Tumerudi nyumbani na Tulia! Mume wangu alinifungulia mlango nilipopanda na akazunguka kunifungulia niliposhuka. Jirani alikuwa anaanika nguo. Nilishuka polepole ili aone vizuri.

Jumatatu, 3 Juni

Tumejaza petroli ya kawaida. Mume wangu amenifundisha namna ya kupima, na jinsi anavyofundisha ningeweza kujifunza kitu chochote. Unajaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe. Unarudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Unaendesha wiki nzima. Kisha unajaza tena hadi pampu ijikate. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Kilomita gawanya kwa lita, basi. Alinichorea yote kwenye kiganja kwa kalamu. Sijanawa mkono huo hadi sasa.

Dada wa pampu aliuliza tunataka ipi. Nilimwambia ya kawaida, lakini kwa wiki moja tu, nisimvunje moyo. Akaniinamia dirishani akaniambia ile nyingine ina dawa ya kusafisha injini. Nikauliza kama inakwenda mbali zaidi. Akajibu kwamba wateja wake wenye magari makubwa hawajawahi kurudi kulalamika. Ushahidi mwingine wa nini?

Ndani ya kifuniko cha tangi kuna karatasi iliyobandikwa na waliounda gari. Imeandikwa: kiwango cha chini, petroli ya kawaida. Mume wangu akasema labda maana yake ni kwamba ya kawaida inatosha, na kwamba injini iliyoundwa kwa hiyo haina la kufanya na ile nyingine. Ana unyenyekevu mwingi sana. Nikamkumbusha kwamba mimi kidato cha nne nilipata kiwango cha chini katika Fizikia, na hakuna aliyeniletea keki.

Jumatano, 5 Juni

Petroli ya kawaida ni balaa. Mshale unashuka ukiuangalia.

Na sisi maisha yetu ni ya kawaida kabisa. Asubuhi mume wangu ananipeleka kazini, kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, kisha anaelekea karakana yake ya kutengeneza majokofu. Tukifika mbele ya duka anasimamisha gari, anaacha injini ikiunguruma ili kipoza hewa kisizime, tunaagana. Leo tuliagana dakika ishirini na tano. Bosi wangu alitoka mara mbili kufagia kizingiti ambacho nilikifagia jana. Nilipoingia ndani, mume wangu akaenda hadi kwenye mzunguko wa barabara, akageuza, akarudi. Alikuwa amesahau kuniambia kwamba zile hereni zimenipendeza. Bosi alisema kama kuna jingine alilosahau aandike, yeye atalitoa nakala bure.

Jioni tuliuzunguka mtaa mara sita kwa sababu wimbo ulikuwa haujaisha. Kisha ukaanza mwingine tunaoupenda zaidi. Kisha tukakaa ndani ya gari mbele ya nyumba yetu, kipoza hewa kikipuliza, tukipanga watoto wetu watakaa upande gani kwenye siti ya nyuma. Wa kike nyuma ya baba yake. Nimelikataa hilo, nataka wa kike nyuma yangu. Ugomvi wetu wa kwanza! Uliisha kabla hatujazima injini.

Mshale umeshuka robo nzima. Petroli hii haina aibu.

Jumapili, 9 Juni

Kilomita mia moja themanini na tisa. Lita ishirini na moja. Tisa kwa lita!

Niliruka palepale kituoni. Tisa! Hata mimi sikutegemea petroli ya kawaida itajiumbua kiasi hicho. Mume wangu hakuruka. Yeye ni mtu wa kufurahi kwa ndani.

Nikampigia Baba mkwe kumpa habari njema. Akauliza kwa upole, mwanangu, kama petroli ndiyo mbaya, mbona binti yangu alipata kumi na mbili kwa petroli hiyo hiyo, ndani ya gari hilo hilo? Nikamjibu kwa heshima zote kwamba huenda wifi alikosea kugawanya. Kumbe wifi alikuwa amekaa pembeni yake na simu ilikuwa kwenye sauti ya juu. Akasema yeye kila siku anagawanya dawa za watoto wachanga, na mpaka leo hakuna mtoto aliyeamka kulalamika.

Baba mkwe akauliza tena, je, huwa tunasimama mahali injini ikiwa inawaka? Nikamwambia hapana baba, hatusimami. Tunaagana tu.

Alikohoa kwa muda mrefu. Nikamtakia afya njema.

Jumatatu, 10 Juni

Siku yenyewe imefika. Nilivaa lile gauni la kijani. Mume wangu akauliza tunakwenda wapi baada ya kituo cha mafuta. Nikamwambia hatuendi popote, tunakwenda kituo cha mafuta.

Ile ya kawaida tuliyojazia jana mume wangu ameinyonya karibu yote, amemuuzia jirani. Sasa petroli ya daraja la juu, tangi zima, hadi pampu ikajikata. Nilikaa dirishani nikisikia inavyoingia. Inaingia tofauti. Ya kawaida hugugumia, hii inamiminika. Dada wa pampu alinipungia mkono kama tunasafiri.

Mume wangu ametoa wazo. Kwa kuwa hii ni petroli ya heshima, tukiagana tuzime injini, tufungue madirisha badala ya kipoza hewa, na wimbo usipoisha tuumalizie ndani ya nyumba. Nimekubali. Petroli ya namna hii haifai kuunguzwa bure ikisikiliza mambo ya watu. Aliniangalia kidogo kama anataka kuongeza neno, kisha akanibusu paji la uso.

Na tofauti imeonekana siku ya kwanza. Asubuhi tukiagana mbele ya duka, Tulia lilikuwa kimya kabisa. Halitetemeki, haliungurumi. Nikamwambia mume wangu, unasikia? Akasema hasikii kitu. Nikamwambia ndiyo maana yangu.

Kazini nimetengeneza chati ya matokeo. Mistari miwili, mmoja mweusi wa petroli ya kawaida, mmoja mwekundu wa daraja la juu. Ule mwekundu nimeshauchora hadi kumi na nne ili Jumapili kusiwe na haraka. Nikaitia kwenye mashine ya kufunika kwa plastiki. Bosi akasema plastiki ile ni ya vitambulisho na vyeti. Nikamwambia na hiki ni cheti.

Jumatano, 12 Juni

Wasiwasi kidogo. Mdogo sana, naandika ili kujaza ukurasa.

Mume wangu ametazama mshale na kihesabu, akapiga hesabu kichwani, akasema kwa makadirio tunakwenda kumi na mbili. Nikamwuliza kumi na mbili na ngapi. Akasema kumi na mbili na mke mzuri. Nikayeyuka. Lakini nilipomaliza kuyeyuka ilikuwa bado ni kumi na mbili.

Kumi na mbili ni ya wifi. Kumi na mbili kwa bomba la bei nyingine! Na chati yangu imeshafungwa kwa plastiki, haifutiki.

Na wifi mwenyewe akaja dukani leo kutoa nakala ya ratiba ya zamu. Akaniuliza, bibi harusi, malkia wako anaendeleaje na kinywaji chake? Nikamwambia anaonja tu. Akaegemea kaunta, akavua kiatu kimoja, akakanyaga sakafu ya baridi, akafumba macho. Miguu yake imevimba. Kila zamu anasimama kwa muda wa saa kumi na mbili, kisha anapanda ule mlima wa kwenda kwake. Nilimwonea huruma dakika mbili nzima. Hata nikafikiria kumwambia basi chukua wewe. Kisha akafumbua macho, akaiona chati ukutani, akauliza, yule mwekundu amefika Jumapili kabla yetu?

Huruma ikaisha. Nakala zake nilizitoa zimefifia kidogo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimetafakari kisayansi. Jua la wiki hii ni kali kuliko la wiki iliyopita. Petroli ikipata jua inakuwa mvuke, hilo liko hata kwenye daftari langu la kidato cha pili. Basi petroli iliyopaa angani hatukuitumia sisi, imetumiwa na anga. Kwa nini Tulia libebeshwe hesabu ya anga? Kuirudisha kwenye tangi si udanganyifu. Ni kusahihisha.

Saa ya chakula cha mchana nikachukua dumu la lita tano, nikaenda kwa dada wa pampu. Ya daraja la juu, nilimwambia, maana mimi si mtu wa kuchanganya mambo. Nikabeba dumu hadi nyuma ya karakana ya mume wangu, ambako Tulia huegeshwa. Yeye alikuwa ndani, kichwa kizima kimezama kwenye jokofu la mteja, anaimba wimbo wetu. Sauti ilikuwa inatoka kama ya mtu aliye kisimani. Nilisimama kidogo nisikilize. Machozi yalinitoka, sehemu kwa ajili ya mapenzi na sehemu kwa ajili ya mvuke.

Sikuwa na mrija. Nikaikunja ile chati ya plastiki, niliyoibandua ukutani, ikawa bomba. Lita tano zote zikaingia, ukiacha kidogo kilichoingia kwenye kiatu. Petroli imepenya pembeni mwa plastiki, mstari mwekundu umefutika wote. Mweusi umebaki.

Sijamwambia mume wangu. Hii ni siri yangu ya kwanza katika ndoa, na nimemficha kwa ajili yake mwenyewe. Najiona nimekomaa. Dumu nimelificha chini ya sinki, nyuma ya ndoo.

Ijumaa, 14 Juni

Mume wangu amechelewa kurudi leo, amenawa mikono mara tatu, kisha akanikumbatia muda mrefu kuliko kawaida. Shingo yake inanukia petroli. Mwanzo nikadhani ni kiatu changu. Nikanusa kiatu, nikanusa shingo. Shingo ndiyo zaidi. Kisha nikajiambia, mwanamume mchapakazi hunukia kazi. Sijui majokofu yanatumia petroli sehemu gani, lakini kuna mengi bado sijui kuhusu ufundi wake, na tuna maisha yote ya kuulizana.

Alikuwa mchangamfu ajabu. Akaniuliza mara mbili kama nina wasiwasi na Jumapili. Nikamwambia sina hata chembe. Akasema yeye pia hana hata chembe. Tukala tukitazamana.

Nilipokwenda kuchukua sabuni nikakuta chini ya sinki kuna madumu mawili. Sikumbuki kabisa lile la pili. Vyombo vya zawadi za harusi bado tunaendelea kuvigundua. Mungu awabariki wageni wetu.

Jumamosi, 15 Juni

Mshale umepanda.

Naandika tena kwa utulivu. Juzi, baada ya lita zangu tano, mshale ulifika mahali fulani, nikapaweka alama kwa rangi ya kucha. Leo uko juu ya alama. Tumeendesha siku mbili na petroli imeongezeka. Haikutumika kidogo, imeongezeka!

Mume wangu naye aliuona. Alipowasha gari aliutazama mshale, akautazama tena, akaugonga kwa kidole. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama mbele. Hatukusema neno hadi dukani. Kuna ukimya wa watu waliogombana na kuna ukimya wa watu wanaopendana, na huu ulikuwa wa pili. Tuliagana dakika kumi tu, injini imezimwa.

Maelezo ninayo. Ile dawa inaposafisha injini, masalia ya petroli ya kale yaliyoganda humo miaka kumi na tisa yanayeyuka na kurudi kwenye tangi. Wifi atayameza maelezo haya Jumapili. Baba mkwe, kwa heshima zake, naye atameza.

Hesabu yangu inaonyesha kumi na nane, huenda ishirini. Nimekwisha kuchagua kitambaa cha mapazia madogo ya dirisha la nyuma. Maua madogo ya zambarau.

Jumapili, 16 Juni

Naanza tangu mwanzo, nisije nikaruka.

Tulikutana wote kituoni saa nne asubuhi. Baba mkwe amevaa miwani ya giza ya hospitali. Wifi ametoka zamu, bado na viatu vyake vyeupe. Kihesabu kinasema kilomita mia moja themanini. Baba mkwe alikisoma mwenyewe, jicho limekaribia kugusa kioo. Dada wa pampu akachomeka bomba. Mimi nilishika mkono wa mume wangu. Ulikuwa umelowa jasho. Nikadhani ni furaha.

Pampu ikajikata. Lita nne.

Dada wa pampu akaipiga kofi, akabonyeza tena. Ikajikata tena. Nne, na matone.

Baba mkwe alikokotoa midomoni bila sauti. Akasema arobaini na tano. Akaomba asomewe tena kilomita. Arobaini na tano kwa lita. Akasema amekuwa dereva miaka thelathini na moja, ameendesha mabasi, malori na gari la wagonjwa, na hajawahi kusikia namba hiyo ikitamkwa na mtu mzima. Namba hiyo ni ya pikipiki ya kupeleka barua, si ya gari. Wifi akasema kwa tangi hilo tunaweza kuzunguka kwa ndugu wote, wa damu na wa kupanga, na kurudi na mafuta mengi kuliko tuliyoondoka nayo. Dada wa pampu akauliza kama tungekubali kupigwa picha ya tangazo.

Baba mkwe akavua miwani. Akamtazama mume wangu kwa lile jicho zima. Alimtazama tu.

Mume wangu akapasuka. Akasema lita sita, baba. Ijumaa. Ya kawaida. Akasema aliniona nimekonda kwa mawazo, akaogopa nisije nikaaibika mbele ya watu, akatia.

Nikasikia sauti yangu inasema, sita? Mbona mimi nilitia tano?

Dada wa pampu akalirudisha bomba mahali pake.

Kisha nikaelewa. Alinidanganyia! Mume wangu, ambaye akiokota kalamu dukani anauliza ni ya nani, amebeba dumu gizani mwa roho yake kwa ajili yangu. Na mimi kwa ajili yake. Ndani ya tangi moja! Nikalia. Akalia. Tukakumbatiana pale pale kwenye pampu. Gari lililokuwa nyuma yetu likapiga honi, na la nyuma yake, na mimi nikahisi ni kama msafara wetu wa harusi umerudi.

Baba mkwe aliketi kwenye siti ya mbele, miguu nje, akacheka hadi akalishika jicho lililopasuliwa. Wifi akamwambia aache, mshono utafunguka. Akaacha. Na alipoacha alikuwa mtu mwingine.

Akasema tufanye hesabu ya kweli. Nne za leo, tano zangu, sita za mume wangu. Lita kumi na tano. Mia moja themanini gawanya kwa kumi na tano. Kumi na mbili. Sawasawa na ya wifi kwa petroli ya kawaida, haikuzidi hata tone. Akaniambia, mwanangu, gari hili halikujua umelinywesha nini. Wiki mliyopata tisa mlikuwa mnaagana injini ikiwaka, wiki mliyopata kumi na mbili mkazima. Petroli haikubadilika kitu. Mlibadilika nyinyi.

Kisha akatoa ufunguo wa akiba mfukoni. Ulikuwa na kamba mpya nyekundu. Akasema kamba ameifunga jana, kwa ajili yetu. Kumbe Jumatano wifi alikwenda kwa baba yake, akamwambia hata tusipofika kumi na nne atupe gari, sisi ndio tunaanza maisha, yeye mlima ameshauzoea. Na Baba mkwe akakubali. Alikuja leo kutukabidhi, hata kama tungeleta tena ile tisa yetu.

Nilitazama viatu vya wifi.

Baba mkwe akasema yeye anaweza kumkabidhi gari mtu aliyekuja na tisa, kwa sababu ilikuwa tisa na amesema tisa. Mtu aliyekuja na arobaini na tano hawezi kumkabidhi, maana siku breki zikigoma atamwambia zimepona. Akamnyooshea wifi ufunguo. Wifi akakataa, akasema baba waache, ni watoto. Akamnyooshea tena. Kwetu sisi akasema mlango haujafungwa. Siku tutakayomletea namba moja ya kweli, moja tu, tutazungumza.

Wifi alitupeleka nyumbani. Hakutusimanga. Njiani alisema tu kwamba siti ni laini, hakuwahi kugundua. Alitushusha mlangoni na akazima injini kabisa, tukaagana.

Jumatano, 19 Juni

Siku tatu bila Tulia na sijanung'unika hata mara moja. Tunakwenda kazini kwa miguu. Mume wangu ananifikisha dukani, kisha mimi namsindikiza hadi kona, kisha yeye ananirudisha. Bosi amenunua ufagio mpya.

Maneno ya Baba mkwe nimeyatafakari kwa kina. Ni mzee mwenye hekima na yote aliyosema ni kweli, isipokuwa hesabu. Jaribio lenyewe lilivurugika! Mume wangu alitia lita sita za petroli ya kawaida juu ya petroli safi ya daraja la juu. Ni nani asiyejua kwamba kitu kibaya kikiingia kwenye kizuri kinakiambukiza? Kama angetia ya daraja la juu, kama mimi, ile kumi na mbili ingekuwa kumi na nne bila mjadala. Nilimweleza jana. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba msamaha. Nimemsamehe. Ana moyo wa dhahabu, anakosa tu elimu ya mafuta.

Na leo bahati imejileta yenyewe. Mteja mmoja alileta kitabu cha gari kutoa nakala, nami nikasoma ukurasa mmoja mashine ilipokwama. Imeandikwa kwamba magurudumu yenye upepo wa kutosha hupunguza matumizi ya mafuta. Kutosha! Na yakiwa na zaidi ya kutosha je? Hapo hata kumi na nne tutaipita.

Wifi amekubali kutuazima Tulia wiki moja mwezi ujao ili tumpelekee Baba mkwe ile namba moja ya kweli. Ana moyo mzuri, nimeanza kumpenda. Kabla ya hapo ni lazima niyafikie yale magurudumu, dakika tano tu, wifi na mume wangu wakiwa ndani wanakunywa chai. Nimenunua pampu ya mguu. Inaingia vizuri kwenye mkoba wangu mkubwa, juu yake nitaweka biskuti. Mume wangu sijamwambia, asije akaingiwa na wasiwasi. Na yeye leo ameniuliza tutakwenda lini kwa dada yake, akasema tukifika huenda akatoka nje kidogo wakati wa chai, kunyoosha miguu. Kuna kitu amekifunga kwenye gazeti juu ya kabati. Nimekigusa, ni kizito, na kikibonyezwa kinapumua. Sikuuliza. Ndoa ni kuaminiana.

Nimemtumia wifi ujumbe sasa hivi: dada, tumekukumbuka sana, kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kukutembelea, wote wawili, wala usihangaike kutupokea getini, tutajua wenyewe pa kupitia.